Je, Durant Aliisaliti Oklahoma? Jibu kwa Kijana wa Morogoro

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni kijana wa Morogoro. Nilianza kuishabikia Oklahoma City Thunder, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa ajili ya Hasheem Thabeet, nikajikuta nampenda Kevin Durant. Mjomba akanitumia jezi yake namba 35. Julai 2016 Durant alipohamia Golden State Warriors, timu iliyokuwa imetutoa kwenye mchujo, yaani hatua ya mtoano ya kutafuta bingwa, wiki tano tu nyuma, niliikunja ile jezi nikaitia sandukuni. Kaka yangu anasema yule ni msaliti na mwoga. Mimi nasema mkataba ulikwisha, alikuwa huru. Tumebishana miaka. Tuamulie: alikosea? Na iliwezekanaje timu iliyoshinda mechi 73 ipate hela ya kumlipa mtu kama yule? Na jezi nayo, niivae au niiache ilipo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeniletea maswali matatu na nitaanza na la katikati, maana wengi hulirukia la kwanza hawajui la pili. Wanapiga kelele za usaliti bila kujua mlango ulifunguliwaje na ulifunguliwa na nani. Ukishajua, hasira inaweza isiishe, lakini angalau utakuwa umeielekeza panapostahili.

NBA haifanani na soka tulilolizoea. Kwenye soka, klabu yenye fedha inamnunua mchezaji na kumlipa itakavyo. NBA kila msimu huwekwa kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuivuka inapomsajili mtu kutoka nje. Kuna mwanya mmoja mkubwa: mchezaji wako mwenyewe unaweza kumsainisha upya hata kama umeshavuka kikomo. Mwanya huo umepewa jina la Larry Bird wa Boston. Lakini Durant hakuwa mtu wa Warriors. Ili wampate, ilibidi wawe na nafasi ya kweli chini ya kikomo, na timu yenye mastaa watatu kwa kawaida haina nafasi hiyo hata ya dawa.

Sasa tazama kilichotokea. Kikomo hupigwa hesabu kutokana na mapato ya ligi nzima, na fungu kubwa la mapato hayo linatoka kwenye haki za televisheni. Msimu wa 2014-15 kikomo kilikuwa dola milioni 63. Uliofuata, milioni 70. Kisha ukaanza mkataba mpya wa ESPN na Turner, dola bilioni 24 kwa miaka 9, na msimu wa 2016-17 kikomo kikaruka mpaka milioni 94. Ongezeko la milioni 24 kwa kiangazi kimoja! Ligi iliona hatari hiyo mapema ikapendekeza ongezeko litawanywe kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Chama cha wachezaji kilikataa, mwaka 2015, na sidhani kama ningekuwa mwanachama ningepiga kura tofauti. Nani anakataa nyongeza ya leo kwa ahadi ya kesho kutwa?

Jambo la pili ni vifundo vya Stephen Curry. Usicheke. Mwaka 2012 Curry alikuwa kijana mwenye kipaji na vifundo vya mguu vinavyoteguka kila wakati, na hakuna aliyejua kama atacheza miaka kumi au miwili. Akasaini miaka 4 kwa dola milioni 44. Kufikia 2016 alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, ya pili kwa kura zote bila hata moja kupungua, na bado alikuwa anamalizia mwaka wa mwisho wa mkataba ule wa majeruhi: milioni 12 tu.

Chukua kalamu. Curry 12. Klay Thompson 16 na ushee. Draymond Green 15. Andre Iguodala 11. Hao wanne wanafika kama milioni 55. Mwongeze Durant kwa 26 na nusu, unapata kama milioni 82. Kikomo kingebaki 70, Warriors wasingempata hata wangempunguzia mshahara. Kikomo cha 94 kinampokea, ila kwa kumaliza kila kitu ghalani: Harrison Barnes akaachwa aende Dallas, Andrew Bogut akapelekwa hukohuko Dallas, Festus Ezeli akaenda Portland, na benchi likajazwa watu wa mishahara midogo. Fikiria mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye bado analipa kodi ya fremu ya miaka ya nyuma wakati majirani wanalipa ya leo. Siku bei ya mtaa inaporuka, yeye ndiye mwenye hela ya kuchukua fremu ya pembeni.

Kwa hiyo mlango ule haukujengwa na Durant, wala na Warriors peke yao. Ulitokana na televisheni, na kura ya wachezaji, na kifundo cha mguu. Na hautafunguka tena kwa namna ileile. Makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya 2017 yaliziruhusu timu kuwalipa mastaa wao wakubwa fungu nono zaidi ili wasiondoke, na watu walijua kabisa ni nani aliyesababisha. Makubaliano ya 2023 yakaenda mbali zaidi: kikomo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata ije televisheni ya namna gani.

Sasa turudi kwenye ugomvi wenu wa nyumbani.

Wewe unasema alikuwa huru. Ni kweli, na uhuru huo una historia ambayo kaka yako anapaswa kuijua kabla hajatamka neno msaliti. Zamani mchezaji wa NBA alikuwa mali ya klabu hata mkataba wake ukiisha. Oscar Robertson, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mwaka 1970, kesi ikavutwa mpaka 1976 ndipo wakaelewana, na polepole mlango wa uhuru ukaanza kufunguka. Mtu wa kwanza kabisa kuondoka akiwa huru bila masharti alikuwa Tom Chambers, kiangazi cha 1988, alipokwenda Phoenix. Unajua alitokea wapi? Seattle SuperSonics. Klabu hiyohiyo ndiyo iliyomchagua Durant mwaka 2007, na ndiyo hiyohiyo iliyobadilishwa jina ikawa Oklahoma City Thunder. Durant mwenyewe alizaliwa miezi michache baada ya Chambers kuondoka. Hilo sikulitunga, liko kwenye kumbukumbu.

Na hapa ndipo mimi huwa nakasirika kidogo na watu wa uaminifu. Durant hakuichagua Seattle. NBA mtoto hachagui timu. Anachaguliwa kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, anapewa kofia, anapanda ndege. Alichaguliwa wa pili, nyuma ya Greg Oden. Akacheza msimu mmoja pale, akawa mchezaji bora chipukizi, na kabla hajajua mitaa vizuri wenye klabu wakaihamishia Oklahoma mwaka 2008. Seattle ilikuwa na timu ya NBA kwa miaka 41. Kulikuwa na wazee waliokwenda uwanjani na baba zao na baadaye na wajukuu zao. Waliulizwa? Oklahoma iliipata timu kwa kuchukuliwa kutoka kwa watu wengine, na miaka minane baadaye ikalia kwamba imeonewa. Naielewa kiu yao, lakini mwenye nyumba ya kioo asianze yeye kurusha mawe.

Tena klabu nayo huhesabu. Oktoba 2012, miezi michache baada ya vijana wale kufika fainali na kufungwa na Miami 4-1, Thunder walimpeleka James Harden Houston kwa sababu hawakuelewana kwenye mkataba, na tofauti haikuwa kubwa kwa kiwango cha NBA. Harden baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Hakuna aliyeichoma jezi ya klabu kwa hilo. DeMar DeRozan aliipenda Toronto kama kwao, 2018 akapelekwa San Antonio. Februari 2025 Luka Dončić alipelekwa Lakers, miezi minane tu baada ya kuifikisha Dallas fainali, na dunia nzima ya kikapu ikabaki mdomo wazi. Klabu ikimwacha mchezaji tunaambiwa ni biashara, eti usiichukulie kimoyo. Mchezaji akiiacha klabu tunatafuta kiberiti.

Kwa hiyo kwenye haki, wewe umeshinda. Mkataba wake wa miaka mitano ulikwisha, hakuvunja neno, hakugoma, hakulazimisha kubadilishwa akiwa bado na miaka. Alicheza Oklahoma misimu minane, mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi kwa wastani wa pointi 32 kwa mechi. Siku ya kupokea tuzo alisimama analia mbele ya wenzake, akamgeukia mama yake, Wanda, akamwambia kwamba yeye ndiye bora wa kweli. Hasheem wetu alikuwa kwenye kikosi hicho, msimu wake wa pili na wa mwisho pale. (Na kwa kuwa umemtaja: drafti ya 2009 Hasheem alichaguliwa wa pili na Memphis. Wa tatu alikuwa Harden. Wa saba alikuwa Curry. Nilikuwa naringa sana siku ile.)

Lakini usimcheke kaka yako bado. Ana hoja, ila ameipa jina baya.

Unakumbuka Mei 2016? Thunder walikuwa wamewatoa San Antonio walioshinda mechi 67, halafu wakakutana na Warriors walioshinda 73 na kufungwa 9, rekodi ya wakati wote. Mechi ya kwanza Oakland, nyumbani kwa Warriors, Thunder wakashinda. Zilizopigwa nyumbani wakawapiga kipigo cha aibu, 133-105 halafu 118-94. Wakaongoza 3-1, na anayewahi kushinda nne ndiye anayepita. Ikabaki moja tu. Mechi ya tano wakafungwa, ya sita ikarudi Oklahoma, Jumamosi usiku wa kwao, kwetu Jumapili saa kumi alfajiri.

Nilikuwa nimekaa sebuleni na sauti ya televisheni nimeizima ili nisiwaamshe watoto. Robo ya nne inaanza Thunder wanaongoza kwa pointi 8. Nikajisemea hawa wamefika. Kisha Klay Thompson akaanza. Alirusha ya tatu huku ameshikwa, ikaingia. Akarusha nyingine kutoka mbali, mahali ambapo mimi kijana wangu akirusha kutoka pale namwita benchi, nayo ikaingia. Mpaka mwisho alikuwa amefunga za pointi tatu 11, pointi 41, na 19 kati ya hizo ni za robo ile moja. Upande wa pili Durant alirusha mara 31 akafunga 10 tu. Ikaisha 108-101. Nilipozima televisheni adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita na mimi nilikuwa nimechoka kama niliyecheza. Mechi ya saba, 96-88, kule Oakland. Hiyo hata hainiumi kama ile ya sita.

Sasa tia akilini: timu iliyomfanya ashindwe kulala, ndiyo aliyoichagua wiki tano baadaye. Alipanga nyumba Hamptons, karibu na New York, akapokea ujumbe wa timu moja baada ya nyingine. Boston walikuja na Tom Brady, yule wa mpira wa Kimarekani. Warriors walileta wachezaji wenyewe: Curry, Thompson, Green na Iguodala, wote wanne. Jerry West, gwiji wa zamani aliyekuwa mshauri wa Warriors, akapiga simu. Julai 4, siku ya Uhuru wa Marekani, Durant akatoa waraka mfupi kwamba anaondoka, anataka kutoka kwenye mazoea na kukua kama mtu na kama mchezaji. Oklahoma haikupata kitu. Wala mchezaji, wala zamu ya drafti, wala senti.

Jioni hiyo simu yangu haikutulia. Kesho yake mazoezini kijana mmoja alikuja na jezi ya Durant, jina mgongoni amelifunika kwa plasta nyeupe ya jeraha, namba ameiacha. Nikamuuliza mbona namba hujafunika. Akasema, "Plasta imeisha, kocha."

Russell Westbrook, aliyecheza naye misimu yote minane, hakusema neno. Aliweka picha ya sahani ya keki ndogo zilizopambwa kwa rangi za sikukuu. Nje ya timu watu walidhani ni salamu. Ndani ya timu ile keki lilikuwa neno la kumtania mchezaji laini. Februari 2017 Durant aliporudi Oklahoma kwa mara ya kwanza, watu walijaa uwanjani wamevaa fulana za keki, wakamzomea kila alipogusa mpira. Akafunga pointi 34, Warriors wakashinda 130-114.

Hapa ndipo hukumu yangu ilipo, na mtagawana nusu kwa nusu. Haki na sifa ni vitu viwili. Haki ya kuondoka alikuwa nayo yote. Sifa ya bingwa, ile ambayo mtu hupewa na watu wengine na hawezi kujipa, ilihitaji kitu ambacho kule hakikuwepo: shaka. Sisi tunaamka saa kumi usiku kwa sababu hatujui nani atashinda. LeBron James alipoondoka Cleveland mwaka 2010 alitukanwa mpaka na mmiliki wa klabu kwa barua ya wazi, lakini Miami aliyokwenda ilikuwa imeshinda mechi 47, na wakafungwa fainali mwaka wa kwanza na Dallas. Walikuwa na kitu cha kujenga. Durant alikwenda kwenye nyumba iliyokwisha kupauliwa, ikapakwa rangi na kuwekwa mapazia. Warriors walifika fainali 2016 bila yeye, wakaongoza 3-1 nao wakapokwa na Cleveland. Walikuwa wamebakiza mechi moja. Yeye akawa hiyo moja, na nyingine kumi na tano juu yake.

Mchujo wa 2017 walishinda mechi 16 wakafungwa 1. Wanaojua hesabu za kikapu wanaihesabu miongoni mwa timu bora kabisa zilizowahi kucheza, na mimi nakubali. Kuzitazama, hata hivyo, ilikuwa kama kusoma barua ambayo mtu ameshakusimulia. Hilo ndilo kosa, kama unataka neno kosa. Hakumkosea mwajiri wake. Alituharibia sisi watazamaji misimu miwili.

Neno mwoga, lakini, kaka yako alirudishe alikolitoa. Fainali ya 2017, mechi ya tatu, Cleveland, nyumbani kwa LeBron. Wenyeji wanaongoza 113-111, imebaki chini ya dakika. Durant anaudaka mwenyewe mpira uliokosa kikapu, anavuka nusu uwanja akidunda polepole kama anayekwenda dukani, LeBron anarudi nyuma kisigino kisigino mbele yake. Hapiti. Anasimama upande wa kushoto mbali na kikapu na kurusha ya tatu usoni pa mtu bora wa kizazi chake. Ikaingia. Warriors walishinda 118-113, wakaongoza 3-0, na ubingwa ukaisha pale. Vijana wangu huwa nawaonyesha ile miguu yake kabla ya kuruka. Mpira ukiingia wanashangilia, mimi nawarudisha nyuma watazame miguu. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali mwaka huo na mwaka uliofuata, mbele ya Curry, kwenye timu ya Curry.

Juni 2019, fainali, Toronto. Durant alikuwa nje mwezi mzima kwa jeraha la msuli wa mguu. Timu yake iko nyuma 3-1. Akaingia mechi ya tano, akacheza dakika 12, akafunga pointi 11, kisha kano ya kisigino cha kulia ikakatika. Alikaa chini akakishika kile kisigino, na mtu yeyote aliyewahi kucheza mchezo wowote alijua papo hapo. Kiangazi hicho mkataba wake ungeweza kuisha, angeweza kukaa benchi na suti yake akasubiri fedha. Mwoga hafanyi vile.

Alichokuwa nacho ni kitu kingine, nacho ni cha kibinadamu mno. Alitaka watu wamkubali. Septemba 2017, akiwa ameshavaa pete ya kwanza ya ubingwa, alinaswa Twitter akimjibu shabiki kwa kujiita "KD" kama vile ni mtu mwingine anayemtetea, akiisema vibaya Thunder na kocha wake wa zamani. Alisahau kubadilisha akaunti. Akaomba radhi. Bingwa, mwenye mamilioni, tuzo ya mchezaji bora wa fainali iko kabatini, anakaa na simu kumjibu mtu asiyemjua. Pete aliipata. Ile sifa akawa bado anaidai.

Na Warriors wenyewe hawakumpa yote. Novemba 2018 yeye na Green walirushiana maneno mazito mbele ya kamera, klabu ikamfungia Green mechi moja. Kiangazi cha 2019 akaondoka kwenda Brooklyn. Februari 2023, Phoenix. 2025, Houston. Warriors walichukua ubingwa tena 2022 bila yeye. Yeye tangu aondoke hajagusa fainali. Unaweza kuona kaka yako atakavyoitumia hiyo. Mwambie mapema kwamba Brooklyn 2021, kwenye mchujo, ncha ya kiatu chake ilikuwa kwenye mstari wa pointi tatu, mtupo uliodhaniwa wa ushindi ukawa wa pointi mbili badala ya tatu, dhidi ya Milwaukee walioendelea mpaka ubingwa. Pointi moja.

Kabla sijafika kwenye jezi, kuna jambo ambalo mashabiki wengi wa Thunder hawalijui, nalo mimi hunifurahisha kuliko ugomvi wote huu. Siku kumi na moja kabla Durant hajaondoka, klabu ilimpeleka Serge Ibaka, Mkongo wa Brazzaville, kwenda Orlando. Miongoni mwa waliokuja badala yake walikuwa Victor Oladipo na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kwenye drafti, Domantas Sabonis. Kama ilikuwa ni kumshawishi Durant abaki, haikusaidia. Lakini mwaka uliofuata Oladipo na Sabonis wakapelekwa Indiana, akaja Paul George. Mwaka 2019 Paul George akaenda Clippers, na Clippers wakatoa fungu la zamu za drafti za miaka mingi pamoja na kijana mwembamba wa Kanada, Shai Gilgeous-Alexander. Moja ya zamu zile ikamleta Jalen Williams, 2022. Juni 2025 Thunder waliifunga Indiana kwenye mechi ya saba na kuchukua ubingwa wa kwanza tangu wahamie Oklahoma, Shai akiwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali. Ukitaka kumshukuru mtu wa kikosi kile cha zamani kwa ubingwa huo, anza na Ibaka. Durant kwenye mnyororo huo hayumo kabisa, kwa sababu aliondoka bure.

Kuhusu jezi. Namba 35 Durant aliivaa kwa ajili ya kocha wake wa utotoni, Charles Craig, mtu wa mtaani kwao Maryland aliyempeleka mazoezini na kumlisha, akauawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 35. Alipofika Brooklyn alibadilisha akavaa 7, lakini miaka yote ya Oklahoma na ya Oakland alimbeba yule kocha mgongoni. Kwa hiyo hata ukifunika jina kwa plasta kama kijana wangu, namba iache.

Itoe sandukuni, ifue kwa maji ya baridi, igeuze ndani nje ukiianika kwa sababu maandishi yale yakipigwa na jua la Morogoro yanapasuka. Kisha mvalie kaka yako siku ya mechi. Akianza kelele, mwambie akupigie mahesabu ya Curry kwanza.

Kocha wako,
Dar es Salaam